Wenseslaus Asiyetaka Kupewa Jani

Watu wengi wa Kibosho walikuwa na maadui wengi wa hovyo hovyo: leo wamegombana kwa sababu ya mbuzi, keshokutwa wanapokezana kata moja ya pombe ya mbege. Wenseslaus alikuwa na adui mmoja tu, na alimtunza kama ng'ombe wa maziwa. Alimlisha asubuhi, alimlisha jioni, na hakuwahi kumwacha alale na njaa. Adui huyo aliitwa Ildefonce.

Kosa la Ildefonce lilikuwa kubwa, ila huwezi kuuona ukubwa wake bila kwanza kuijua meza.

Chama cha msingi cha kahawa cha kijiji chao, enzi hizo kahawa ilipokuwa bado kahawa, kilikuwa na ukumbi wa mawe, na ndani ya ukumbi kulikuwa na meza ya snuka. Wajumbe walikuwa wametumwa kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifungasha baada ya shamba lake kutaifishwa. Walikwenda kununua kabati la mafaili. Wakarudi na meza yenye miguu minane, ndefu kama Land Rover. Mkutano mkuu ukauliza kitu hicho kinamsaidia nini mkulima. Katibu akajibu kwamba ni mali ya kudumu, na mkutano ukaridhika, maana siku hizo mali ya kudumu ilikuwa bado haijaanza kutembea.

Juu yake kulikuwa na kitambaa cha kijani, na chini ya kitambaa mawe meusi matano, yamechongwa yakawa bapa kiasi kwamba ukiweka gololi inakaa na kutafakari. Wenseslaus alikuwa karani wa mizani. Msimu ukiisha, mizani haina la kupima, na karani ana ufunguo wa ukumbi. Hivyo ndivyo alivyojifunza, yeye na Ildefonce, aliyekuwa rafiki yake na jirani yake wa bonde la pili: kupiga mpira mweupe ugonge mwekundu, mwekundu uingie mfukoni, halafu wa rangi, halafu mwekundu tena, mpaka mezani ubaki mweusi peke yake, na atakayeuingiza huo amekuwa mwanamume kwa wiki nzima.

Mpira ukikaa mbali mkono usikofika, kulikuwa na fimbo ndefu yenye msalaba mdogo wa shaba kichwani, wa kuegemezea. Wao waliiita msalaba. Padri alishawahi kupita dirishani akasikia "nipe msalaba, nimmalize huyu", akahubiri juu yake Jumapili mbili. Pale ukumbini hakukuwa na mtumishi wa kushika vifaa, kwa hiyo desturi yao ilikuwa hivi: mpinzani wako ndiye anayekupa msalaba. Wewe hugeuki. Macho yanabaki kwenye mpira, unanyoosha mkono nyuma, na adui yako wa dakika hiyo anakuwekea fimbo kiganjani. Ulikuwa uungwana wa hali ya juu, na Wenseslaus aliamini kwamba hata Ulaya hawana.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda mlima na pikapu zao, chama kikaanza kukopwa na kukopa, paa la ukumbi likavuja, na kamati ikapitisha azimio la kuondoa "vitu visivyozalisha". Ildefonce alikuwa mjumbe wa kamati. Miguu minane ikawa vitanda viwili. Kitambaa kikawa koti la mvua la mtu ambaye mvua ya kwanza ilimfundisha. Mawe hayakujulikana yalikokwenda, hadi siku Wenseslaus alipopita njia ya chini, kwenye migomba ya Ildefonce, akachungulia banda jipya la ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa amesimama juu ya meza. Ng'ombe wa kisasa, madoa meusi na meupe, kwato mbili mahali hasa ambapo Wenseslaus aliwahi kuingiza mipira mingi kuliko mtu yeyote wa kijiji kile. Akamtazama Wenseslaus, akanyanyua mkia.

"Mawe yale ni bapa sana, Wense," alisema Ildefonce kutoka nyuma yake, kwa furaha ya mtu anayeonyesha maendeleo. "Mkojo hautuami."

Wenseslaus alikwenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakumpa Ildefonce hata salamu ya Tumsifu Yesu Kristo, ambayo Wakristo huwapa hata wakusanya kodi.

Miaka ikapita. Ildefonce akauza ng'ombe wawili, akashuka mjini, akafungua baa Njoro, akanunua meza ya snuka mpya iliyong'aa kama jeneza la tajiri. Mambo yakamwendea vizuri, jambo ambalo lilimsaidia sana Wenseslaus kuendelea kumchukia. Lakini binti yake Ildefonce alipochumbiwa, wazee wa ukoo wakakaa, wakapiga hesabu za nani hasemi na nani, wakamwambia: huwezi kufanya harusi huku jirani amekuwekea kinyongo. Peleka jani.

Pale mlimani jani ni jani la isale, lile refu la kijani ambalo watu hupanda mipakani. Aliyekosa huchuma moja, hulifunga fundo, hulipeleka kwa aliyemkosea. Ukishalipokea mkononi, umesamehe. Hakuna rufaa. Anayelipokea kisha akakataa kusamehe anajitafutia mambo ambayo hata Walutheri wa Machame hawayatanii. Wenseslaus alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, ila jani aliliogopa kwa kiwango ambacho hakuwahi kumweleza padri. Hakuthubutu kulikataa. Akachagua njia ya tatu, ambayo wazee hawakuifikiria: kutopatikana.

Alikuja Mektrida, dada yake Ildefonce, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, jani limefungwa kwenye kitenge.

"Hodi, mbe! Baba Damian yupo?"

Wenseslaus alikuwa ameshatokea mlango wa nyuma, yuko katikati ya migomba.

"Ametoka sasa hivi," alijibu Digna, mke wake, ambaye hakupenda kusema uongo na alikuwa amegundua kwamba halazimiki.

"Jana ametoka, juzi ametoka. Huyu mtu anaingia saa ngapi?"

"Mimi mwenyewe namwona kwa mgongo, Mama Aika. Karibu ndizi."

Harusi ilifanyika bila msamaha. Bwana harusi alivunjika mguu akicheza muziki, na watu wakatazamana. Tangu hapo Ildefonce hakuacha kuleta jani, na Wenseslaus hakuacha kutoka. Ikaota njia nyuma ya nyumba yake, imekanyagwa ikang'aa.

Mwaka 2001 kampuni moja ya bia ikatangaza Ligi ya Kulipwa ya Snuka, Moshi na vitongoji vyake. Neno "kulipwa" lilizua heshima kubwa mpaka ilipoeleweka kwamba kinacholipwa ni nauli na fulana. Wachezaji walikuwa wanane, kila mmoja acheze na kila mmoja, wanne wa juu waingie hatua ya mtoano, na bingwa aende Dar es Salaam kuwakilisha Kanda ya Kaskazini. Wenseslaus alikuwa amepita miaka hamsini, ana meno machache, na miaka yote hiyo alikuwa akishuka mjini kila Jumamosi kucheza kwenye klabu ya zamani ya wazungu, ambako wanachama walimruhusu kwa sharti la kuwafunga wageni wao. Akajiandikisha. Wa pili kujiandikisha alikuwa Ildefonce.

Katika ligi aliwachapa karibu wote. Alikuwa na mbinu moja ambayo hakumfundisha mtu: alipoinama kulenga, kila mfuko wa meza ulikuwa mdomo wa Ildefonce, umefunguka, unasema mkojo hautuami. Mpira ulikwenda kuuziba. Siku ya kukutana na Ildefonce mwenyewe alituma taarifa kwamba ana malaria, akapoteza pointi zote za siku hiyo, maana kabla ya mchezo kanuni iliwataka washikane mikono, na mkono wa Ildefonce ulikuwa hauaminiki, ungeweza kuwa na jani ndani.

Hata hivyo alimaliza wa tatu. Ildefonce akamaliza wa pili. Na kwa utaratibu wa mtoano, wa pili anakutana na wa tatu, na mtoano hauna malaria.

"Si upokee tu hilo jani, ulale kama watu?" Digna alimwambia Jumamosi ile asubuhi, akimpigia pasi shati.

"Nikishapokea, nitacheza na nini?"

"Na fimbo. Si ndiyo mnachezea?"

"Mama Damian, mimi sina kitu kingine. Kahawa hainipi kitu, mizani imeuzwa chuma chakavu. Nataka siku moja tu. Nimfunge mbele ya watu wote wanaotujua, na nisiwe nimemsamehe. Baada ya hapo hata nikifa."

"Usifie mjini," alisema Digna. "Gari la kupandisha maiti ni ghali."

Ukumbi wa klabu ulikuwa umejaa watu wa mlimani ambao hawajawahi kuingia humo isipokuwa kwa mlango wa jikoni. Mbele kabisa alikaa mzee Sirili, aliyekuwa mwenyekiti wa chama siku ile ya azimio, na ambaye sasa hakukumbuka azimio lolote. Refa aliitwa Hosea, mtu wa asili ya Singida, aliyezaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa huko chini na kujifunza snuka kwenye klabu ya wafanyakazi. Kijana makini, amevaa glavu nyeupe. Yeye ndiye aliyepewa pia kazi ya kupamba, na kwa kuwa kampuni ya bia ilileta mabango bila fungu la maua, Hosea alikwenda kwenye ua wa mtu, akakata masale toroli zima, akazungushia kila nguzo.

Kila Mchaga aliyeingia alisimama mlangoni.

"Hee! Nani kamkosea nani humu ndani?" mzee Sirili aliuliza.

"Shikamoo mzee. Ni mapambo tu."

"Marahaba. Kijana, hapa umeomba msamaha kwa wilaya nzima."

Wenseslaus alipoyaona, alirudi hatua moja mlangoni. Kisha akatulia. Majani yaliyofungwa kwenye nguzo na mtu wa Singida hayakuwa yamemkosea mtu. Alimwendea refa.

"Kabla sijashika mkono wa huyu bwana, mkague."

"Nimkague nini?"

"Majani."

Hosea alishtuka. "Mzee, anatumia majani? Kwenye mashindano?"

"Si majani hayo. Mkague tu."

Ildefonce akanyanyua mikono kwa upole wa mtu aliyezoea askari wa baa. Mifukoni zilitoka leso, chaki na rozari. Kiganja kilikuwa kitupu. Wenseslaus akakishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima homa ya maiti.

"Umezeeka, Wense," alisema Ildefonce.

"Cheza."

"Mke hajambo?"

"Refa, mwambie acheze."

Ilikuwa atakayetangulia kushinda michezo mitatu. Sijui kama ukumbi ule uliwahi kuona chuki safi namna ile, na uliwahi kuona wakoloni. Wenseslaus alichukua wa kwanza bila Ildefonce kukaribia meza zaidi ya mara chache. Watu wa bonde lake wakapiga miluzi. Ildefonce akachukua wa pili, taratibu, kwa mchezo wake ule wa kuficha mpira mweupe nyuma ya mingine, mchezo wa mjumbe wa kamati.

"Anaficha kama alivyoficha mawe!" mtu akapaza sauti nyuma.

"Nyamaza, yule si mwenye baa unayodaiwa?" akajibiwa.

Wa tatu wa Wenseslaus, wa nne wa Ildefonce. Ikabaki mmoja, na huo wa mwisho walikwenda bega kwa bega, hadi mezani ukabaki mpira mweusi peke yake, karibu na mfuko wa kona, umekaa vizuri kabisa. Anayeuingiza anacheza fainali. Mwingine anarudi nyumbani na fulana.

Zamu ilikuwa ya Wenseslaus.

Mpira mweupe ulikuwa katikati ya meza, mbali kidogo na urefu wa mkono wake. Hilo halikumtisha. Pigo lenyewe angeweza kulipiga akiwa na homa. Aliinama, akautazama mfuko, na mfuko ukafunguka, mdomo ule ule, meno yale yale, ukaanza kusema maneno yale yale. Miaka yote ilikuwa imejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hakutaka kupepesa macho. Akanyoosha mkono wa kushoto nyuma, kiganja juu.

Kwa kanuni za ligi, kifaa hutolewa na refa. Hosea alikuwa upande wa pili, akifuta kwa glavu mipira iliyokwishaingia. Lakini mkono wa Wenseslaus haukusoma kanuni za ligi. Mkono ulisoma kanuni za ukumbi wa chama cha kahawa.

Fimbo ikaja kiganjani. Akaifumbata, akaivuta mbele, na hapo akahisi kitu laini, baridi kidogo, kati ya kiganja na mti.

Hakuhitaji kutazama, lakini alitazama. Jani la isale, limefungwa fundo kuzunguka fimbo, pale pale mkono unaposhika. Kwenye nguzo ya nyuma yake, mapambo ya Hosea yalikuwa yamepungua moja.

"Nimekosa, Wense," alisema Ildefonce. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ikasikika hadi jikoni. "Mawe yale. Nimekosa."

"Refa!" Wenseslaus aliita, bado ameinama. "Nimeonewa."

"Kweli," alisema Hosea, akija mbio. "Mchezaji haruhusiwi kumpa mpinzani kifaa. Bwana Ildefonce, onyo."

"Si kifaa. Nimepewa jani!"

Hosea akalitazama jani, akatazama nguzo. "Hilo ni pambo, mzee. Limedondoka. Litoe, ucheze."

"Hawezi kulitoa," alisema mzee Sirili, akisimama na fimbo yake. "Baba Damian, umeshapokea. Wote tumeona. Limo mkononi mwako."

"Nilipokea fimbo!"

"Na kilichofungwa kwenye fimbo. Mbuzi akija na kamba, umepokea na kamba. Sema."

Wenseslaus alitazama nyuso za watu. Watu wale wale waliopiga miluzi walikuwa wanatazama chini, wengine wanajikuna shingo, na mama mmoja ameshika rozari. Hakuna aliyekuwa upande wake tena. Hakukuwa na upande. Alijaribu kukumbuka habari moja ya mtu aliyepokea jani akakataa na bado akaishi vizuri. Hakuipata.

"Nimesamehe," alisema, kwa sauti ambayo mtu hutumia kumtajia daktari mahali panapouma.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Mektrida akaanzisha wimbo. Hosea akangoja, akatazama saa, akasema kwa adabu: "Mzee, cheza."

Akainama tena. Mpira mweusi ulikuwa pale pale. Mfuko ulikuwa pale pale. Ila ulikuwa mfuko. Tundu la ngozi kwenye kona ya meza, halina meno, halisemi kitu. Alikodoa macho, akautafuta ule mdomo kwa nguvu zote, na alichopata ni Ildefonce kijana, amekaa juu ya gunia la kahawa, anacheka kwa sababu padri amepita dirishani. Akapiga.

Mpira mweusi ulikwenda hadi kwenye mdomo wa mfuko, ukagonga upande huu, ukagonga upande ule, ukasimama ukingoni. Ildefonce akaenda, akausukuma ndani kama mtu anayefunga mlango ili watoto wasiamke.

Fainali Ildefonce alishinda, akaenda Dar es Salaam, akafungwa siku ya kwanza na kijana wa Temeke aliyekuwa akitafuna bigijii. Mzee Sirili ndiye aliyepandisha habari hiyo. Wenseslaus aliisikiliza mara mbili, haikumpa utamu wowote, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

"Sasa umemsamehe?" Digna alikuwa amemuuliza jioni ile ile alipofika na fulana yake.

"La mawe nimemsamehe. Mbele ya watu."

"Ashukuriwe Mungu."

"La leo bado."

Digna akaweka kibuyu chini. "La leo lipi tena, Baba Damian?"

"Kanipa kifaa kinyume cha kanuni. Refa mwenyewe kampa onyo. Hilo ni kosa jipya, na kwa hilo sijaletewa kitu."

Ildefonce, kwa kuwa msamaha lazima ukamilishwe, alileta mbege, wakainywa mbele ya Sirili bila kutazamana, Wenseslaus akimkumbusha Sirili kwamba la kifaa bado. Wiki iliyofuata akarudisha mawe yote matano kwa trekta, yakiwa na mavi yamegandamana kama simenti. Wenseslaus aliyasugua kwa majivu hadi yakawa meusi tena. Akayaegemeza ukutani. Hakuwa na miguu ya meza, hakuwa na kitambaa, na ukumbi wa chama ulikuwa ghala la mitumba. Masika ikaja ikayakuta hapo, ikayaacha hapo.

Jumapili moja alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta ukutani hakuna kitu. Akazunguka nyuma. Digna na vijana wa jirani walikuwa wamemaliza, wananawa mikono. Ng'ombe wake alikuwa amesimama kwenye banda, mkavu hadi kwato, sakafu chini yake nyeusi na bapa.

Wenseslaus alichuchumaa. Akafumba jicho moja, akatazama juu ya mawe kwa usawa wake, kutoka kona hadi kona. Yalikuwa yamepangwa sawasawa, hakuna lililopanda hata unywele.

"Sasa hata mkojo hautuami," alisema Digna.

Kabla hajainuka, mbele ya nyumba ilisikika sauti ya kwaya.

"Hodi, mbe! Baba Damian yupo?"

Wenseslaus akachukua kofia yake juu ya ukingo wa banda, akampita ng'ombe, akaingia kwenye migomba.

"Ametoka sasa hivi," alijibu Digna.